Matawi Njia ya Magaliesburg

Naandika mara moja, kila mtu asome mwenyewe, maana nimechoka kusimulia. Nimesimulia maktaba, nimesimulia jikoni, nimesimulia kwenye simu mpaka betri ikazima, na kila nikimaliza kuna mtu anadai nimeruka kipande. Mnataka kujua kwa nini Baba Zuhura siku hizi ana pembetatu nyekundu mbili garini, na kwa nini ukimtajia mkaratusi anaangalia pembeni. Haya, kaeni.

Kwa msiomjua, Baba Zuhura ni fundi magari pale Jeppestown, mtu wa Tanga kama mimi. Tangu nije kusoma huku, miezi saba sasa, yeye ndiye mzazi wangu. Ana mtoto mmoja tu, Zuhura, wa miaka kumi na miwili, anayesoma shule ya bweni mbele kidogo ya Magaliesburg, alikopata udhamini kwa alama zake nzuri. Mama yake yuko Tanga anamuuguza bibi. Zuhura kazaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba yake ni cha spana na plagi.

Shule hiyo huwaalika wazazi kuja kuwasikiliza watoto wakipiga marimba. Mara ya kwanza Baba Zuhura hakwenda, alibaki anamalizia giaboksi ya mteja. Mara ya pili alikwenda Jumamosi isiyo yenyewe, akamkuta mlinzi na paka. Alipopiga simu kuulizia mwaliko wa tatu, Zuhura alimjibu taratibu, kwa Kiingereza: "Baba, usiahidi tu."

Alinisimulia hayo akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. "Hilo sikuhitaji wa kunitafsiria, Hawa," aliniambia. "Jumamosi nafika. Hata kwa kutambaa nafika."

Marimba ilikuwa saa saba mchana. Hiyo saa saba msiisahau.

Jeppestown, saa moja asubuhi

Mimi nilitakiwa kwenda ili nizungumze na walimu, na pia kwa sababu miezi saba yote nilikuwa sijatoka nje ya mji. Nilichokijua mimi ni mtaa wangu wa Observatory, chuo, na roboti zote zilizo katikati, yaani taa za barabarani kwa jina la huku, zile zinazowaka na zile zilizokata tamaa. Wa tatu alikuwa Désiré, Mrundi tunayesoma naye darasa moja. Yeye hakualikwa. Alisikia neno pilau.

Baridi ilikuwa ya kung'oa masikio. Baba Zuhura alikuwa amevaa sweta jipya lenye kofia nyuma, kanyoa ndevu, na pikapu yake kaiosha mpaka nikaona rangi yake halisi, ambayo kumbe ni buluu. Nyuma aliweka boksi la spana, waya, na dumu la maji la lita ishirini.

"Hili dumu la nini, Mzee?" aliuliza Désiré.

"La rejeta. Gari zee ni kama mgonjwa wa kisukari, husafiri na maji yake."

"Na pembetatu ya kuweka barabarani?"

"Nilimwazima mteja. Atarudisha." Akawasha gari. Likakohoa, likaitika.

Fordsburg, palipotuchelewesha

Fordsburg tulipita kuchukua sufuria kwa Bi Kidawa, mama wa Kizanzibari anayepikia maharusi ya watu. Makubaliano yalikuwa saa moja na nusu. Tulipofika, sufuria lilikuwa bado uani juu ya jiko la mkaa, na makaa mengine yamepangwa juu ya mfuniko, na Bi Kidawa kakaa pembeni yake na kikombe cha chai kama polisi wa zamu.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Tunaweza kuondoka nalo?"

"Marahaba. Hamuwezi."

"Tuna safari ndefu, bibi."

"Na mimi nina jina langu. Pilau haikimbizwi, mwanangu. Ukiikimbiza inakuwa wali wa bizari. Kaeni mnywe chai."

Tukakaa tukanywa chai. Baba Zuhura alikuwa akitazama saa, halafu mfuniko, halafu saa. Kibaya zaidi, mle uani alikuwepo mtu wa Pangani, na salamu za watu wa Tanga hazina breki. Waliulizana habari za nyumbani, za mvua, za minazi, za shangazi aliyefunga duka, wakarudi tena kwenye za nyumbani. Mpaka Bi Kidawa anaondoa makaa na kutufungulia mfuniko kidogo tu tunuse, ilikuwa saa tatu na robo. Sitasema harufu ile ilikuwaje. Désiré alifumba macho na kusema neno la Kifaransa.

Sufuria lilikuwa kubwa kuliko tulivyofikiri. Nyuma ya pikapu, boksi la spana likiwa upande mmoja na Désiré upande wa pili, lilikosa pa kukaa sawa. Nikaangalia huku na huku, nikatoa kitu kimoja, nikakiweka uani kwa Bi Kidawa, sufuria likatulia vizuri kabisa. Nilijisifu kwa akili yangu. Kitu hicho kilikuwa dumu la maji.

Kutoka mjini kuelekea magharibi

Niwaambieni ukweli, nilifurahi kama mtoto. Mji huu nilidhani hauna mwisho. Tulivipita vile vilima vya rangi ya njano ambavyo nilikuwa nikiviona kwa mbali na kudhani ni vya asili. "Huo ni mchanga wa migodini," Baba Zuhura aliniambia. "Wamechukua dhahabu, wametuachia vumbi." Tukapita magodauni, tukapita Krugersdorp, nyumba zikaanza kuachiana nafasi, mara kukawa na nyasi tupu, zilizokauka kwa baridi rangi ya mkate, na mbingu pana sana.

Baba Zuhura aliimba. Désiré kule nyuma alijifunga blanketi mpaka puani, akawa anagonga kioo kila baada ya dakika kumi kuuliza kama tumekaribia. Nilimwonyesha saa. Saa nne na nusu. Hata tungekwenda kwa mwendo wa harusi tungefika mapema tukachagua viti.

Barabara ilianza kuteremka na kujipinda, mikaratusi mirefu pande zote mbili. Hapo ndipo mvuke ulipotoka kwenye boneti.

Konani, chini ya mikaratusi

Baba Zuhura aliegesha kando, ingawa kando penyewe palikuwa pembamba na mkia wa pikapu ulibaki barabarani. Alifungua boneti, akaangalia, akafunga macho kidogo. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka urefu wa kidole.

"Mganga hajigangi," nilinong'ona.

"Nimekusikia. Si kitu kikubwa. Nakata hapa, nafunga waya, tunajaza maji, tunaondoka. Désiré, nipe dumu."

Nikamsikia Désiré akipekua kule nyuma.

"Désiré, dumu."

"Mzee, huku hakuna dumu. Kuna sufuria."

Nilitamani nijifiche chini ya gari. Nilikiri palepale, hakukuwa na wa kumsingizia. Baba Zuhura hakufoka, na afadhali angefoka. Aliangalia saa yake tu, akasema, "Basi tuombe msaada. Binadamu hawezi kupita tu akatuacha." Simu nilijaribu, lakini bondeni mle mtandao uligoma kabisa.

Cha kwanza, alisema, tuwalinde wenye magari, wasije wakatugonga kwenye kona. Pembetatu hatuna. Lakini sisi ni watu wa wapi? Gari likikwama kwetu watu hufanyaje? Hatukuhitaji hata kujadiliana. Désiré alishaanza kukwanyua matawi kabla sijavua koti.

Na tulifanya kazi nzuri, sitaki mtu adharau. Matawi ya mkaratusi yana majani mengi na yananukia dawa ya mafua. Baba Zuhura alitusimamia. "Tawi la kwanza mbali, hatua mia, ili mtu apunguze mwendo. La pili hatua hamsini. Halafu rundo. Zuhura mwenyewe anajua. Tulipokwenda nyumbani tukakwama na basi njia ya Segera, akiwa na miaka tisa, nilimbebesha matawi. Kila tukiweka moja anauliza, 'Hapa mbali, Baba? Hapa mbali?'" Akacheka peke yake. "Siku hizo alikuwa ananijibu kwa Kiswahili."

Tukaweka upande wa kushuka, tukaweka na upande wa kupanda. Ukija kutoka kokote unaona kabisa kwamba hapa kuna watu wamekwama na wanahitaji huruma yako.

Gari la kwanza lilikuja, jeupe, jipya. Lilipoona tawi la kwanza lilifunga breki mpaka likayumba. Nikanyoosha mkono. Likarudi nyuma kinyumenyume kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, likageuka, likapotea.

"Labda kasahau kitu nyumbani," alisema Baba Zuhura.

La pili likafanya vilevile. La tatu Désiré alilikimbilia akipunga mkono, na mkononi alikuwa ameshika upawa aliotupa Bi Kidawa wa kupakulia pilau, mrefu, wa chuma. Mama aliyekuwa kwenye usukani alipiga kelele tukazisikia mpaka tulipo. La nne, la tano. Nilivua mtandio nikaupunga. Ndiyo kwanza la sita likageukia kwenye nyasi.

Tukawasengenya Waafrika Kusini mpaka mate yakatukauka. Nilisema hawana utu. Désiré alisema kwao Bujumbura mtu angeshuka, angekusukuma, halafu angekupeleka kwake ukale. Nilisema pesa imewaharibu. Baba Zuhura alikuwa kakaa kwenye tairi la akiba, mikono kati ya magoti.

Désiré alisogea. "Mzee, mimi nasema tufungue kidogo tu tuonje. Njaa hii, c'est grave, ni hatari."

"Halifunguliwi. Hilo ni la Zuhura."

Saa sita. Saa sita na nusu. Hakuna gari lililokuja tena, hata la kukimbia. Saa saba ilipofika Baba Zuhura alisimama, akafuta vumbi kwenye suruali, akasema, "Wanaanza sasa." Jamani, niliumia. Laiti ningelibeba dumu lile hata mgongoni.

Mtu wa trekta

Muda si mrefu tukasikia muungurumo. Trekta lilikuja polepole, likasimama kabla ya tawi la kwanza. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisimama juu ya kiti chake akatutazama kwa muda mrefu.

"Dumela, rra!" nikamsalimu kwa sauti, maana Kitswana changu chote ndicho hicho.

"Dumela, ausi. Hicho kilichomo kwenye sufuria ni nini?"

Tulikuwa tukiongea Kiingereza, nawaandikia kwa Kiswahili, ila ausi, yaani dada, nimeiacha. Nikamwambia ni wali, nyama na viungo. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia naapa. Ndipo akashuka, akaja kwa miguu huku akiruka matawi yetu, na alipotufikia alikuwa anacheka mpaka kashika mbavu.

Jina lake Rra Molefe, yaani Bwana Molefe, msimamizi wa shamba la mahindi lililo nyuma ya kilima. Alitoa simu yake akanionyesha. Kundi la wenye mashamba la kutumiana ujumbe lilikuwa linawaka moto: majambazi watatu konani, wamefunga barabara kwa matawi pande zote mbili, mmoja ana silaha ndefu ya chuma, mwanamke anapunga kitambaa kutoa ishara, nyuma ya gari kuna chombo kikubwa kinachoshukiwa. Watu watumie njia ya kuzunguka.

"Eish, ausi," alisema. "Matawi barabarani huku ni ya tsotsi. Wanayaweka usimame, wakuibie gari. Hata mtoto anajua. Ukiona matawi, unageuza na kukimbia. Nyie mnatoka wapi nyie?"

"Tanga," nilisema. "Na mwenzetu Burundi."

"Na huko matawi maana yake nini?"

"Nisaidie."

Rra Molefe alitikisa kichwa. "Nilisoma habari ya chombo kikubwa," alisema, "nikajiambia, nimeishi miaka mingi, sijaona tsotsi anayekwenda kazini na sufuria. Nikaja kuangalia."

Nilimtafsiria Baba Zuhura. Alifunika uso kwa mikono miwili, na mimi nikakumbuka yote niliyoyasema kuhusu utu wa watu, nikaona haya.

Trekta lilikuwa na pipa la maji. Rra Molefe akatoa na kipande cha mpira wa kumwagilia, akasema kitafaa kuliko waya. Baba Zuhura alifanya kazi kwa kasi ya mtu anayezima moto. Sisi tukakusanya matawi yote, mpaka la mwisho, tukayatupa mbali msituni. Halafu Baba Zuhura akafanya jambo ambalo Désiré hajalisamehe mpaka leo. Alifungua sufuria, akapakua sahani ya kwanza, iliyojaa, yenye nyama ya juu, akampa Rra Molefe kwa mikono miwili.

"Mwambie," alisema, "nimechelewa kufika kwa mwanangu, lakini bila yeye nisingefika kabisa."

"Na mimi?" aliuliza Désiré.

"Wewe panda nyuma."

Shuleni, saa nane na nusu

Njia iliyobaki hakuimba mtu. Baba Zuhura aliendesha, na nilijua anapanga maneno. Marimba imekwisha. Atamkuta mtoto kakaa kwenye ngazi na begi lake, au hatamkuta kabisa, na atamwambia nini? Kwa lugha gani? Nami nilikuwa napanga yangu, namna ya kumwambia Zuhura kwamba kosa ni la dumu na dumu ni langu.

Getini mlinzi alitutazama, akaitazama barabara tuliyotoka.

"Mmepita njia hii? Ya moja kwa moja?"

"Ndiyo."

"Na hamkuwaona?"

"Kina nani?"

"Majambazi!" Alitufungulia haraka, akafunga geti nyuma yetu.

Uwanjani viti vilikuwa vimepangwa vizuri, safu kwa safu, na karibu vyote vitupu. Marimba zilikuwa jukwaani na hakuna aliyekuwa akizipiga. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alitujia kwa mikono yote miwili. Aliongea kwa haraka, Baba Zuhura akanivuta mkono wa gauni.

"Anasemaje?"

"Anasema pole sana. Anasema wewe ni jasiri."

"Kwa nini?"

"Anasema wazazi karibu wote wamerudishwa na majambazi, wanazunguka njia ndefu, wanafika mmoja mmoja. Kwa hiyo waliamua kusubiri." Nikaviangalia vile viti vitupu. "Anasema marimba ndiyo inaanza sasa hivi."

Baba Zuhura alimtazama mwalimu. Akanitazama mimi. Nikaona habari inapanda taratibu kutoka tumboni mpaka machoni.

"Mwambie..." alianza. "Hapana. Usimwambie. Mwambie asante kwa kusubiri."

Ndipo Zuhura akaja. Alikuwa amevaa sketi nyeusi na shati jeupe, vijiti vya marimba mkononi, na alitembea, hakukimbia, kama mtu asiyetaka kuamini mapema. Baba yake aliinama akamkumbatia, akamshikilia kwa muda, na mimi nikajifanya naangalia sufuria. Mtoto aliegemea bega lake. Halafu nikamwona anavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara mbili. Akaingiza mkono kwenye kofia ya lile sweta jipya, akatoa jani la mkaratusi, refu, bichi.

Alilitazama jani. Akawatazama wazazi wawili waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia, wakisimulia kwa mikono namna walivyoponea chupuchupu. Akamtazama baba yake, aliyekuwa amekuwa mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza.

Zuhura alimsogelea sikioni. Nilikuwa karibu, nilisikia, na nilisikia kwa Kiswahili.

"Baba, tawi la kwanza uliliweka mbali?"

"Mbali kabisa, mwanangu," alisema Baba Zuhura, na machozi yakamtoka waziwazi, hakujaribu hata kuyafuta. "Hatua mia."

Zuhura alilitia jani mfukoni mwa shati, akakimbia jukwaani. Wimbo wa kwanza aliupiga huku akijing'ata mdomo asicheke, na hakukosea hata mara moja. Tulimwona vizuri, kwa sababu tulikaa safu ya mbele kabisa, katikati. Wazazi wengine walikuwa bado njiani.